Majumba ya Wafalme wa Unguja na Bustani Zao

Habari ya safari, imeandikwa na karani mmoja wa Shianda

Katika kitabu cha historia tulichosomeshwa katika shule ya misheni palikuwa na picha ya Versailles, jumba la wafalme wa Ufaransa. Pembe za ukurasa ule zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa, maana kila mwanafunzi alitaka kuhesabu madirisha. Mwalimu alitueleza kwamba mwanzo wake ilikuwa nyumba ndogo ya kulala mfalme akienda kuwinda, iliyojengwa mwaka 1623, na kwamba mwanawe, Louis wa 14, ndiye aliyeikuza ikawa kama mji, akahamia huko pamoja na wakuu wake wote mwaka 1682. Ndani yake mna ukumbi wenye vioo 357. Bustani zake zina chemchemi za kurusha maji juu, walakini maji yenyewe hayakupata kutosha. Basi mfalme alipokuwa akitembea bustanini, watunzaji wa mifereji walipigiana filimbi, wakafungulia chemchemi iliyo mbele yake na kuifunga ile aliyokwisha kuipita. Nilicheka sana niliposikia habari hiyo, kwa sababu kwetu pia mgeni mkubwa akitarajiwa, barabara husawazishwa upande ule tu atakaopita.

Wazee wetu walikuwa na sababu nyingine ya kulijua jumba hilo, ijapokuwa wengi wao hawakulisikia hata jina. Tarehe 28 Juni 1919, ndani ya ukumbi ule wa vioo, Wajerumani walitia sahihi mapatano ya kumaliza Vita Kuu, na kwa mapatano hayo wakaiacha Tanganyika. Vijana wengi wa nchi yetu walikuwa wamekufa katika Tanganyika hiyo, si kwa risasi bali kwa njaa, homa na kuhara damu, hali wamebeba mizigo ya askari. Hao ndio watu wa Kariakoo. Neno la mwisho juu ya kazi yao lilisemwa katika nyumba yenye vioo, mbali sana na makaburi yao.

Mshahara wa karani haumfikishi mtu Ufaransa. Lakini mwezi wa Agosti nilipopata likizo yangu niliazimia kwenda kuyatazama majumba ya kifalme yaliyo karibu nasi zaidi, yaani yale ya Unguja. Sikuyachagua kwa sababu ya ukaribu tu. Mtu wa Shianda akiifuata barabara itokayo Kakamega hufika Mumias, na Mumias ndiyo Elureko ya zamani, makao ya Nabongo Shiundu na ya mwanawe, Nabongo Mumia, aliyewatawala Wawanga tangu mwaka 1882 mpaka alipofariki mwaka 1949. Misafara ya watu wa pwani ilifika huko kutafuta pembe za ndovu kabla ya Wazungu. Joseph Thomson, aliyewasili mwisho wa mwaka 1883, hakuwa mgeni wa kwanza kutoka baharini, bali alikuwa mgeni wa kwanza mwenye ngozi nyeupe. Ndiyo sababu Waislamu ni wengi katika mji wa Mumias mpaka leo, na ndiyo sababu Kiswahili kilifika kwetu kabla ya reli.

Basi, pembe za ndovu zilizotoka bara zilibebwa mabegani miezi na miezi mpaka pwani, na nyingi zikavushwa mpaka forodha ya Unguja. Ushuru wake, pamoja na mapato ya karafuu, ndio uliojenga majumba ninayotaka kuyaeleza. Nilitaka kuona kwa macho yangu mzigo ule ulikotuliwa.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Basi la usiku mpaka Nairobi, jingine kupita Namanga na Arusha mpaka Dar es Salaam, kisha chombo cha mashine ambacho huvuka bahari kwa muda wa saa mbili hivi. Abiria mmoja karibu nami alitapika njia nzima na kumwomba Mungu kwa Kisukuma. Mimi nilisimama nje penye upepo, na ndiyo dawa iliyo bora kuliko vidonge.

Chombo kikikaribia bandari, msafiri huona mstari wa nyumba nyeupe juu ya maji, na katikati yake jumba moja refu kuliko mengine. Hilo ndilo Beit al-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Lilijengwa na Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni, na watu waliliita la maajabu kwa haki, maana lilikuwa la kwanza katika Afrika Mashariki kuwa na taa za umeme na lifti ya kupandisha watu. Roshani zake zilizunguka pande zote, zikichukuliwa na nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo. Milango yake mikubwa ya mbao ilichongwa kwa nakshi na maneno ya Kurani. Nje ya mlango ipo mizinga miwili ya shaba ya zamani za Wareno.

Nasema "zilizunguka" na si "zinazunguka" kwa sababu wasomaji watakumbuka habari ya tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo ya Krismasi, mafundi wakiwa kazini katika kulitengeneza, upande mmoja wa jumba ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Niliposimama mbele yake nilikuta limezungushiwa uzio, na kwa juu ya uzio nikaona vyumba vilivyopasuliwa wazi kama kisuguu kilichokatwa kwa jembe. Ndege wa pwani walikuwa wakiingia na kutoka mahali ambapo hapo kale mabalozi walivua kofia.

Jumba hili lilikuwa limekwisha kuonja mshituko mkubwa zaidi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji mizinga kwa sababu Khalid bin Barghash alikikalia kiti cha ufalme bila idhini yao. Vita vile havikutimiza hata saa moja, navyo huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani, walakini watu wapatao mia tano wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, liliharibika lisijengwe tena. Beit al-Sahel, yaani Nyumba ya Pwani, liliharibika pia, kisha likajengwa upya, nalo ndilo masultani walilokaa mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Siku hiyo Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alikimbia kwa meli. Alikaa Uingereza miaka zaidi ya hamsini, akafariki Oman mwishoni mwa mwaka 2024. Jumba lake likaitwa Jumba la Wananchi, na baadaye, mwaka 1994, likafanywa makumbusho.

Mimi, lakini, nilikuwa nimekuja kwa ajili ya bustani. Kwa hiyo siku ya pili nilipanda gari la abiria liendalo Bububu, nikamwomba utingo anishushe Maruhubi, mahali palipo kama maili mbili na nusu kaskazini ya mji. Mlangoni nilimkuta mwangalizi, mzee mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia nimetoka Kakamega, akafikiri kidogo, akasema, "Huko ni bara sana, mwanangu." Alinikatia tikiti, akanifuata pole pole, akiniacha nitazame kwanza ndipo aeleze. Nimewaona waongozaji wengi wasioijua adabu hiyo.

Jumba la Maruhubi lilijengwa na Seyyid Barghash kati ya miaka 1880 na 1882. Mwenyewe alikaa mjini. Hapa waliwekwa masuria wake, ambao husemwa kwamba walikuwa tisini na tisa, pamoja na mke mmoja wa ndoa. Mwaka 1875 Barghash alikuwa amesafiri mpaka Uingereza na Ufaransa, na yasemekana kwamba ukuta mrefu wa mawe unaozunguka shamba hili ulitokana na bustani za wakubwa alizoziona Uingereza. Aliwaza, nadhani, kama vile mtu wa kwetu aendaye Nairobi akaona ua wa michongoma uliokatwa sawasawa, naye akirudi hupanda wa kwake.

Sehemu ya juu ya jumba ilikuwa ya mbao, na mwaka 1899 moto uliiteketeza yote. Kilichobaki ni nguzo nene za mawe, safu kwa safu, zisizobeba kitu. Mtu wawili wakishikana mikono hawawezi kuizunguka moja kwa raha. Nilitembea katikati yake kama atembeaye katika msitu ambao miti yake imekatwa vichwa. Baharini mafundi walikuwa wakigonga misumari katika jahazi jipya, na kile kishindo cha nyundo kilirudishwa na nguzo.

Upande mmoja pamesalia nyumba ya kuogea, yaani hamamu, na hiyo ndiyo iliyonishika zaidi kuliko kitu kingine cho chote. Paa lake lipo. Ndani mna vyumba vidogo vinavyofuatana, mifereji sakafuni, mahali pa maji ya moto na mahali pa maji ya baridi. Hamamu ya wanawake ilikuwa mbali na ya Sultani mwenyewe. Marumaru zilizofunika sakafu ziliibwa zamani. Maji yaliletwa kutoka chemchemi kwa mfereji uliojengwa juu ya matao, na baadhi ya matao hayo yapo mpaka sasa, yakaingia katika matangi makubwa ya mawe. Matangi hayo siku hizi yamejaa matope na mayungiyungi, na wageni wengi hudhani yalichimbwa kuwa mabwawa ya maua. Mkulima hatadanganyika. Akitazama mwinamo wa ardhi ataona mara moja kwamba fundi alianza kazi yake kwa kuuliza maji yatatoka wapi na yataishia wapi, na nyumba ikafuata baadaye. Barghash huyu huyu ndiye aliyewaletea watu wa mji maji ya mabomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, na kazi ile, kwa maoni yangu, inashinda lifti na taa zote za Nyumba ya Maajabu.

Miembe ya bustani bado imesimama. Ni mikubwa kupita kiasi, nayo ilipandwa kwa mistari, kama mtu aonavyo miti ya barabarani katika picha za Ulaya. Haikuwa majira ya maembe. Nilikaa chini ya mmoja, na huko ndiko nilikokumbuka neno ambalo sikutaka kulikumbuka.

Katika ukoo wa mama yangu husimuliwa kwamba siku za Nabongo Shiundu, katika mwaka wa njaa, msichana mmoja alitolewa kwa watu wa msafara ili watu wa nyumba yake wapate chakula. Jina lake halitajwi. Bibi yangu alipofika mahali hapo katika hadithi alikuwa akisema tu, "yule aliyekwenda na wenye nguo nyeupe," kisha akaendelea kupepeta mtama wake. Hakuna ajuaye kama alifika pwani. Wengi walifia njiani. Masuria wa jumba la kifalme wengi walikuwa Wahabeshi na wanawake weupe wa nchi ya Cherkesi, kwa hiyo sidhani kama msichana wa Buluhya aliingia katika hamamu ile kama bibi. Ikiwa alifika, yamkini alichuma karafuu, au alibeba chokaa kichwani.

Nilimwuliza mzee wa Maruhubi watu waliojenga mahali hapa walikuwa nani. Akajibu bila kuficha, "Watumwa, mwanangu. Na mafundi wa kulipwa, wachache." Kisha akanionyesha ukuta, ambapo plasta imebanduka na mawe ya matumbawe yanaonekana. Katika chokaa mlikuwa na alama za vidole, pale fundi aliposawazisha kwa mkono badala ya mwiko. Sikuweza kuzitazama kwa haraka.

Yafaa wasomaji wajue mpango wa miaka hiyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa na Barghash mwenyewe mwezi wa Juni 1873, baada ya kushurutishwa na Waingereza. Utumwa wenyewe haukuondolewa na sheria mpaka mwaka 1897, na hata sheria ile iliwaacha masuria nje. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo jumba la Maruhubi lilijengwa wakati soko limekwisha kufungwa, likateketea wakati utumwa umekwisha kuharimishwa, na katika siku zote za uhai wake wanawake waliokaa ndani walikuwa bado mali ya mtu.

Kutoka Maruhubi nilikwenda kwa miguu kufuata pwani mpaka Mtoni, mwendo usiochosha. Hapo ndipo palipo jumba lililo la zamani kuliko mengine, lililojengwa kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan karibu na mwaka 1830, kabla hajahamisha makao yake makuu kutoka Maskati kuja Unguja. Binti yake Salme alizaliwa hapo mwaka 1844. Salme ndiye yule aliyemfuata mfanya biashara Mjerumani mwaka 1866, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha Ujerumani kitabu cha maisha yake. Kwa kuwa aliandika, Mtoni ni jumba tunalolijua kutoka ndani. Alieleza ua mkubwa ambamo tausi, paa, mbuni, bata na kanga walitembea huru. Alieleza kijumba cha mbao cha mviringo kilichoelekea bahari, mahali ambapo baba yake alitembea huku na huku saa nyingi akiwa ameinamisha kichwa. Alikisia kwamba watu wapatao elfu moja waliishi hapo wote pamoja.

Siku hizi Mtoni ni kuta zisizo na paa. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, warithi wake wakapenda majumba mengine, na wakati wa Vita Kuu ya kwanza jumba lilitumiwa kama ghala. Jirani yake yamejengwa matangi makubwa ya mafuta. Nilitafuta mahali palipokuwa na kile kijumba cha mviringo nisipaone. Kijito bado kinapita, hakijali.

Kidichi, kule mashambani, nitaitaja kwa maneno machache tu. Huko Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, naye ni mjukuu wa mfalme wa Uajemi. Plasta yake ina nakshi za maua na ndege, na kazi hiyo ni safi sana. Pande zote ni mikarafuu. Mbegu ya karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, nayo ilistawi kupita matumaini yote, mpaka dhoruba ya mwaka 1872 ilipoing'oa karibu miti yote ya kisiwa kile. Pemba, iliyookoka, ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza tangu hapo. Msomaji anayelima miwa huko Wanga hahitaji kuelezwa hatari ya nchi nzima kutegemea mmea mmoja.

Sasa nitasema neno juu ya ubishi uliotokea katika chombo nikirudi. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alisema kwamba majumba hayo yangeachwa yaanguke, kwa kuwa yalijengwa kwa machozi, na kwamba fedha za kuyatengeneza zingejenga zahanati. Abiria wengi walimwunga mkono. Mimi sikuafikiana naye, ijapokuwa haja ya zahanati naijua kuliko yeye, maana barua za maombi hupita mezani pangu.

Hoja yangu ni hii. Nyumba za Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti haizidi urefu fulani, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Nyumba ya namna hiyo ikipakwa chokaa kila baada ya miaka michache na paa lake likizibwa, hudumu vizazi. Ikiachwa, maji huingia juu ya ukuta, chokaa hulainika, boriti huoza mahali inapoingia ukutani, sakafu hushuka, na sakafu ikishuka ukuta hauna wa kuushika. Wala chuma hakikulisaidia Beit al-Ajaib, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi na chuma hula kutu. Yaani gharama ndogo ya kila mwaka ndiyo iliyokosekana, na badala yake ikaja gharama kubwa, tena na roho za watu wawili. Nayo majengo haya yakitoweka, machozi yale hayatatoweka pamoja nayo. Kitakachotoweka ni zile alama za vidole. Hata Wafaransa, wanawake wa soko la Paris walipoandamana mwezi wa Oktoba 1789 wakidai mkate na kumtoa mfalme wao Versailles, jumba halikubomolewa. Mwaka 1837 lilifanywa makumbusho ya taifa lote. Waliotaka mkate wajukuu wao huingia humo kwa tikiti.

Kijana akaniuliza, "Na huko kwenu, bwana, mmehifadhi nini?"

Lilikuwa swali la haki. Nabongo hakujenga kwa mawe. Boma la Elureko lilikuwa la nyumba za udongo na nyasi, lenye ukuta wa udongo na handaki kuzunguka, nalo halikuacha nguzo za kuonyesha wageni. Hata hivyo, katika boma hilo alipumzika Askofu Hannington mwaka 1885, kabla ya kwenda kuuawa Busoga. Hapo alifika Frederick Jackson wa Kampuni ya Kiingereza mwaka 1889, na Mjerumani Carl Peters mwaka uliofuata, akafungua barua zisizo zake. Na hapo Hobley alianza kazi ya serikali mwaka 1895, wakati nchi yetu ilipohesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ofisi ilikaa Mumias mpaka ilipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Leo, kule Matungu, yako makaburi ya Wanabongo na nyumba ya kuhifadhi kumbukumbu zao. Nilimweleza kijana hayo yote. Sikumwambia kwamba katika watu ninaofanya kazi nao ofisini, wanaofika kumi na mmoja, nijuavyo ni wawili tu waliowahi kwenda kutazama, ijapokuwa nauli yake haizidi bei ya mkate na chai.

Yafaa niongeze jambo moja ambalo hatulipendi kulisikia. Tukilaumu watu wa pwani kwa misafara yao, tukumbuke kwamba msafara hauwezi kulala mahali bila mwenyeji, wala hauwezi kununua bila muuzaji. Bunduki zilizoletwa na watu wa pwani zilimsaidia Nabongo dhidi ya jirani zake, nao majirani hao, yaani Wabukusu na wengine, wana hadithi zao ambazo hazisimuliwi Matungu. Ingefaa zisimuliwe, tena palepale. Mzee wa Maruhubi alipoulizwa alijibu kwa neno moja, na jumba la Sultani halikupungukiwa na heshima kwa jibu lile. Kwangu mimi liliongezeka.

Msomaji atakaye kwenda Unguja achukue pasi yake ya kusafiria hata akitokea Dar es Salaam, maana hukaguliwa tena bandarini. Gari la Bububu hupita Maruhubi na Mtoni kwa nauli ndogo, na Kidichi hufikiwa kutoka Bububu kwa pikipiki au kwa miguu, mlima kidogo. Aende Maruhubi asubuhi kabla jua halijawa kali, na akitaka maembe asiende Agosti kama mimi, bali angoje Desemba au Januari. Mwangalizi aliniambia kwamba miembe ile ya Sultani huzaa bado, na kwamba watoto wa wajenzi wa majahazi ndio wanaozila zote.